Viumbe Jirani Zetu: Vyura wa Mitini, na Namna ya Kuwaona



Wazee walisema, "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Neno hili ni kweli, nasi wengi wetu tumefanana na ng'ombe yule. Kila mwaka mvua za masika zikianza, twasikia vyura wakilia bondeni usiku kucha. Twafunga dirisha, twajifunika, twalala. Sauti twazisikia, lakini wenye sauti hatuwajui. Mtu aliyezaliwa kando ya kijito, akakua hapo na kuzeeka hapo, ukimwuliza, "Katika kijito chenu wamo vyura wa namna ngapi?" atakujibu, "Chura ni chura tu."

Mwezi huu, basi, twataka kuzungumza habari za vyura wa mitini, yaani wale wapandao miti na vichaka na matete. Tutasema ni akina nani, ni saa gani watafutwapo, na jinsi mtu awezavyo kuwatazama pasipo kuwadhuru. Tena tutaonyesha kwa nini kazi hii, ijapoonekana kama mchezo wa watoto, ni kazi ya watu wazima pia. Maana katika milima ya Tanzania wako vyura waliokaribia kwisha kabla watu hawajapata kuwajua vema.

CHURA WA MITINI NI NANI?

Chura wa uwanjani, yule mwenye ngozi ya vinundu, hukaa chini, na mwendo wake ni wa kurukaruka mavumbini. Chura wa mitini ana umbo jingine. Mwili wake ni mwembamba, miguu yake ni mirefu, na ncha ya kila kidole imepanuka ikawa kama kisahani kidogo. Visahani hivyo humshika vizuri katika jani lenye maji, na katika gome la mti, hata katika kioo cha dirisha. Kwa hiyo ukiona chura amekaa ukutani wala haanguki, tazama kwanza vidole vyake.

Hawa nao si wa namna moja. Ziko alama nyingi za kuwapambanua, lakini iliyo nyepesi kwa mwanafunzi ni mboni ya jicho, kwa kuwa huonekana hata kwa mbali kidogo, wala haikulazimishi kumshika mnyama.

Wa kwanza ni wale wenye macho makubwa, ambao wataalamu huwaita Leptopelis. Mboni yao imesimama wima, kama ya paka mchana. Mashuhuri kati yao ni Leptopelis vermiculatus, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1909, ambaye hupatikana katika msitu wa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza. Jike lake huweza kufika urefu wa sentimita 8 hivi, na dume ni mdogo kuliko jike. Wengine ni wa kijani kibichi chenye vidoadoa na mistari myeusi, wengine ni wa rangi ya majani makavu. Wala usidhani ya kuwa ni vyura wa namna mbili, maana wote ni jamaa moja.

Wa pili ni vyura wa matete, ambao jina lao la kitaalamu ni Hyperolius. Hawa ni wadogo. Walio wengi hawazidi sentimita 3 au 4, na mboni yao imelala. Rangi zao ni nyingi ajabu: kijani, manjano, kahawia, wengine wana mistari ya kung'aa ubavuni. Hukaa juu ya matete na majani yaliyo karibu na maji, na baadhi yao hutaga mayai juu ya jani lililoinama juu ya maji, ili viluwiluwi wakitoka waanguke ndani.

Wa tatu ni wakunja-majani, Afrixalus. Ukiwatazama upesi utadhani ni wa matete, lakini mboni yao imesimama. Hawa hutaga mayai juu ya jani refu, kisha hulikunja jani lile na kuligundisha kwa ute, hata mayai yakawa kama yaliyofungwa katika bahasha.

Wa nne ni chura wa povu, Chiromantis xerampelina, wa nchi za chini na pwani. Ni mkubwa, wa rangi ya kijivu kama gome la mti, na mboni yake imelala. Habari zake ni za ajabu, nasi tutazirudia hapa chini.

WAKATI WA KUWATAFUTA

Chura hunywa maji kwa ngozi, wala hanywi kwa kinywa kama sisi. Tena kwa ngozi hiyo hiyo hupata sehemu ya hewa yake. Kwa sababu hii jua na upepo ni adui zake, na mvua ni rafiki yake. Mwenye kutaka kuona vyura wengi na aende wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, au wakati wa vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Usiku ulio bora ni ule uliotanguliwa na mvua ya alasiri, ikakoma magharibi, na upepo ukatulia. Saa zake ni tangu saa moja na nusu hata saa nne usiku.

Lakini usiende usiku mahali usipopajua mchana. Nenda kwanza jua likiwapo. Tazama njia, mashimo, kina cha maji, na mahali ambapo matawi yameinama juu ya kidimbwi. Huko nchi za chini, uliza wenyeji kama majini mna mamba au kiboko; wakisema wamo, acha mahali hapo utafute pengine. Vaa viatu virefu, chukua fimbo, na usiende peke yako, maana mahali palipo na vyura pengi huwa na nyoka pia, wamekuja kwa shughuli ile ile. Tena msitu ulio hifadhi una sheria zake. Amani, kwa mfano, ni hifadhi ya serikali tangu mwaka 1997. Yakupasa uingie kwa ruhusa na pamoja na mwenye kuijua njia.

SIKIO KWANZA, JICHO BAADAYE

Wengi hukosea hapa. Hufika kidimbwini na taa kubwa, wakazungumza, wakaangaza huku na huku, kisha wakarudi wakisema, "Leo hawapo." Wapo, ila wamenyamaza.

Waliao usiku ni madume. Dume hujaza pumzi katika kifuko cha koo, nacho huvimba kama kibofu, na sauti hutoka kwa nguvu kuliko mwili wake. Huwaita majike, na pia huwaonya madume wenzake wasimkaribie mno. Kila jamaa ina mlio wake, na jike huufuata mlio wa jamaa yake. Kwa hiyo mlio wa chura ni kama jina lake alitajalo mwenyewe. Ajuaye milio aweza kusimama gizani, asione kitu, akasema, "Hapa wamo wa namna tano."

Basi, ukifika, zima taa. Kaa kimya robo saa. Mwanzoni utasikia kelele moja tu, kama kelele za soko lisikiwalo kwa mbali. Usiharakishe. Baada ya kitambo sikio litaanza kupambanua, kama vile uingiavyo sokoni ukaanza kusikia huyu auza samaki na yule auza mihogo. Utasikia filimbi fupi kali zikijibizana, nyingi kama kengele ndogo. Hao aghalabu ni vyura wa matete. Utasikia mgongano wa harakaharaka, mfano wa taipureta ipigwayo na karani hodari. Huyo yaweza kuwa mkunja-majani. Kisha, kutoka kichakani au juu mtini, utasikia neno moja tu, zito, "kwak", halafu kimya kirefu, halafu tena "kwak". Huyo mwenye kusema neno moja na kupumzika ni Leptopelis, naye ndiye amchoshaye mtafutaji, kwa kuwa kabla hujajua sauti imetoka wapi yeye amekwisha kunyamaza.

Uchague sauti moja, nyingine uziache. Enda hatua chache wakiwa wanalia. Wakinyamaza, simama ulipo, hata kama mguu mmoja umo matopeni. Usipofanya mtikisiko, mmoja ataanza tena, na wengine watamfuata. Ndipo uende hatua nyingine. Subira yavuta heri, na kwa habari ya vyura neno hili si la mapambo, ndiyo njia yenyewe.

Tena iko hila moja nzuri, nayo yataka watu wawili. Simameni mbali kidogo, hatua tano au sita, kila mmoja na kurunzi yake, nazo zimezimwa. Chura akilia, kila mmoja anyoshe mkono kuelekea sauti, pasipo kumtazama mwenzake. Mkisha kuwa na hakika, washeni kurunzi, kila mmoja kufuata mkono wake. Mahali miali miwili ikutanapo, ndipo alipo chura. Mtu mmoja hudanganyika kwa urahisi, akatafuta mbele wakati chura yu juu. Lakini watu wawili husahihishana. Kazi hii yafaa sana baba na mwanawe, au dada na ndugu yake, na mara nyingi mtoto humshinda mzee kwa wepesi wa sikio.

KAZI YA KURUNZI

Kurunzi usiishike kiunoni. Ishike kando ya jicho, karibu na kipaji, uangaze polepole juu ya majani. Ukiishika hivyo, mwanga uingiao katika jicho la chura hurudi kwako, nawe waona nukta mbili ndogo ziking'aa. Usishangae ukikuta nukta nyingi mno. Buibui nao macho yao hung'aa vivyo hivyo, na katika majani ya usiku buibui ni wengi kuliko vyura. Nukta za buibui ni ndogo mno kama punje za umande. Za chura ni pana na tulivu.

Usitafute chini tu. Tazama kwanza majani yaliyo usawa wa goti, kisha ya usawa wa kifua, kisha yaliyo juu ya kichwa. Tazama na upande wa chini wa jani, kwa kuwa mwanga ukipita katika jani waweza kuonyesha kivuli cha aliyekaa juu yake. Ukimwona, usimmulikie usoni kwa muda mrefu. Geuza mwanga kando kidogo, au uufunike kwa kitambaa chekundu. Kaa umtazame. Tazama kifuko cha koo kinavyojaa na kupungua. Tazama mboni, vidole, mahali alipokaa na kimo chake toka chini. Kutazama kwa dakika kumi chura mmoja kwafaa kuliko kuhesabu ishirini mbiombio.

WAONEKANAO MCHANA

Asiyeweza kutoka usiku asikate tamaa. Katika nchi za chini, mvua zikisha kuanza, tazama mti wowote ulioinama juu ya kidimbwi. Labda utaona donge jeupe limening'inia, kama povu la sabuni lililosahauliwa na mfuaji. Hicho ndicho kiota cha chura wa povu. Jike hutoa ute, akaupiga kwa miguu ya nyuma kama mtu apigaye mayai kwa uma, hata ukaumuka. Madume kadhaa huweza kukusanyika naye, nao hupiga pamoja. Ndani ya povu hutagwa mayai kwa mamia. Sehemu ya nje hukauka, ikawa kama ganda, na ya ndani hubaki na unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi hupenya chini na kudondoka majini mmoja mmoja. Ukipata kiota namna hii usikikate. Uweke alama mahali pale, ukapite kila siku. Ukibahatika kuwapo saa ya kudondoka, utaona jambo ambalo hata wazee wengi wa kijiji hawajaliona.

Chura huyo huyo aweza kuonekana wakati wa kiangazi, amekaa juu ya tawi au boriti ya kibanda, miguu ameikunja chini ya mwili, wala hajali jua. Chura mwingine angekufa. Yeye ngozi yake haipotezi maji upesi, na joto likizidi hugeuka rangi akawa karibu mweupe, ili mwali wa jua umrudukie. Hata mkojo wake si wa majimaji kama wa vyura wengine, bali ni mzito, kama wa ndege na mijusi, na kwa hiyo maji yake humkalia mwilini.

ADABU YA MTAZAMAJI

Mtu aingiaye katika nyumba ya mwenziwe hubisha hodi. Msituni nako kuna hodi yake.

Kwanza, usimshike chura pasipo haja. Mkono wa mtu una chumvi, na mafuta, na pengine sabuni au dawa ya mbu, na ngozi ya chura hunyonya kila kitu. Ikilazimu kumwondoa njiani asikanyagwe, lowesha mkono kwa maji ya pale pale, usiwe na dawa yo yote, na umwachilie mara moja.

Pili, usimhamishe. Chura wa kijito hiki asipelekwe kijito kile, wala asichukuliwe nyumbani kuwekwa chupani. Uko ugonjwa wa vyura uletwao na kuvu iitwayo kitridi, ambao umeua vyura katika nchi nyingi za ulimwengu. Huchukuliwa kwa maji na kwa matope, hata kwa yale yaliyoganda chini ya viatu vyetu. Kwa hiyo ukitoka kijito kimoja, sugua viatu vyako, uvioshe, uvikaushe kabisa kabla ya kwenda kijito kingine. Ni taabu ndogo kuliko hasara yake.

Tatu, usivunje matawi wala kufyeka njia ili upate kuona vizuri. Jani ulikatalo laweza kuwa ndilo lenye mayai.

WALIO KIMYA

Tumesema, sikio kwanza. Lakini msiache kutumia jicho, maana wako wasiolia.

Katika milima ya Ukaguru, mkoani Morogoro, alipatikana chura mzuri mno wa mitini, naye mwaka 2002 Alan Channing na William Stanley walimweleza na kumpa jina la Churamiti maridadi. Mwasikia wenyewe: jina hili ni Kiswahili, na litabaki Kiswahili katika vitabu vya ulimwengu wote. Tangu hapo chura huyo amekuwa adimu mno. Mwaka 2019 wataalamu walikwenda Ukaguru, na mmoja wa waliowatamani kuwaona ni yeye. Hawakumpata. Badala yake walipata mwingine, chura mdogo wa jamaa ya matete, ambaye dume lake halilii kamwe, bali lina vijiba vidogo kooni. Habari zake zilichapishwa mwaka 2023, naye akaitwa Hyperolius ukaguruensis. Yafikiriwa ya kuwa jike humtambua dume kwa kuvigusa vile vijiba. Kama wale watu wangaliwinda kwa sikio tu, wangalimpita.

Ndugu, fikirini jambo hili. Chura ambaye milima ile imemlea tangu zamani zisizohesabika hakuwa na jina katika vitabu hata mwaka 2023. Na yule mwenye jina la Kiswahili zuri namna ile, anatafutwa.

NENO LA KIHANSI

Sasa tusimulie habari za chura mmoja ambaye si wa mitini, lakini habari zake zatuhusu sote. Katika mteremko wa milima ya Udzungwa yako maporomoko ya mto Kihansi. Maji yakianguka yalirusha ukungu sikuzote, na katika ukungu ule, katika eneo la kama hekta 2 tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Hakuishi mahali pengine po pote duniani.

Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 1996, na wakati huo kazi ya kujenga bwawa la umeme juu ya maporomoko ilikuwa imekwisha kuanza. Umeme ni kitu cha lazima, wala hatusemi ya kuwa nchi ikae gizani. Lakini mwaka 2000 maji mengi yalipogeuzwa kwenda mitamboni, ukungu ulipungua mno. Mwaka huo vyura 499 walichukuliwa kwenda Marekani ili watunzwe, na kule bondeni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji mfano wa ukungu. Kwa muda ilionekana wapona. Hata mwaka 2003 hesabu yao ilianguka ghafula, na katika waliokufa ilionekana ile kuvu ya kitridi. Mwaka 2009 ilitangazwa ya kuwa chura wa Kihansi amekwisha porini.

Hakukuwa mwisho, kwa sababu wale waliochukuliwa walikuwa wamezaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, wakatunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 wengine wamerudishwa katika bonde lao. Kazi ile ni ya kusifiwa. Lakini angalieni jinsi muda ulivyokuwa mfupi: mwaka 1996 ajulikane, mwaka 2009 ahesabiwe amekwisha. Miaka 13 tu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa bado hajamaliza shule.

Tena yafaa kuuliza: chura yule alijulikana kuwa anapungua kwa sababu gani? Kwa sababu walikuwapo watu waliomhesabu. Kama asingalihesabiwa, angalikwisha vivyo hivyo, wala hakuna ambaye angalijua siku wala sababu.

DAFTARI LA NYUMBANI

Hapa ndipo kazi yetu ilipo. Wataalamu ni wachache, na vijito ni vingi. Mtaalamu huja juma moja, akaenda zake; mwenyeji hukaa miaka 40. Sauti ya chura ikikoma katika kijito chenu, hakuna mgeni atakayejua. Na mwenyeji naye hawezi kukosa sauti ambayo hakuwahi kuisikiliza.

Kwa hiyo twawashauri kila nyumba iliyo karibu na maji iwe na daftari moja la vyura. Liandikwe na yule mtoto mwenye hati nzuri, naye baba au mama alitazame. Kila mara mwendapo, andikeni haya: tarehe na saa, kama mvua ilinyesha, mahali, milio mliyosikia, kila mmoja kwa maneno yenu wenyewe, "mwenye filimbi", "mwenye kugonga", "mwenye neno moja", na kwa kila chura mliyemwona, kimo chake toka chini, namna ya mboni, na rangi. Siku hizi walio wengi wana simu za mkononi zinasazo sauti. Mwaweza kunasa mlio na kuuhifadhi, mkautaja daftarini. Lakini daftari msiliache, maana simu huibiwa na kuvunjika, na daftari hubaki kabatini.

Usiku ambao hamkusikia kitu, andikeni pia: "Leo kimya." Neno hilo ni la thamani kama mengine. Masika moja ya kimya yaweza kuwa ni upungufu wa mvua tu. Masika tatu za kimya ni habari, nayo yafaa kupelekwa kwa mwalimu wa shule, au kwa afisa wa misitu, pamoja na daftari lenyewe. Mtu asemaye, "Zamani walikuwapo vyura wengi," husikilizwa kwa heshima, kisha husahauliwa. Mtu aletaye daftari la miaka kumi hujibiwa.

Ng'ombe na anywe maji yake. Hana deni kwa chura. Sisi tuna masikio mengine. Mvua ya kwanza ikinyesha, fungueni dirisha robo saa kabla ya kulala, mkawaulize watoto, "Mwasikia wa namna ngapi?" Wakijibu wawili, waambieni wasikilize tena.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza habari za popo wala matunda, na jinsi wapandavyo miti pasipo jembe. Kwaherini.